Anayeomba uzamivu wa sanaa aanze na swali, maonyesho yatafuata

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wasanii, wabunifu na wanahabari wanaotaka kusoma shahada za utafiti, yaani uzamili wa utafiti na uzamivu. Tuna neno pia kwa vyuo vinavyowapokea.

Msimu wa maombi unapofika, maandiko mengi huwa na kasoro ileile. Mwombaji anaeleza maonyesho anayotaka kuandaa au filamu anayotaka kupiga, kisha anabandika aya mbili za "umuhimu wa utafiti" na ahadi ya kuielimisha jamii. Kazi yenyewe inaweza kuwa nzuri sana, lakini uzamivu hautolewi kwa uzuri wa kazi. Unatolewa kwa jambo jipya ambalo watu wengine wataweza kulijua, kulikagua na kulitumia, na ambalo lisingejulikana kama kazi ile isingefanyika. Msanii hodari asiye na swali atanyimwa nafasi, na asiponyimwa atakwama mwaka wa pili.

Mwaka 1993 Christopher Frayling wa Royal College of Art, London, aliandika waraka mfupi ulioweka utafiti huu katika mafungu matatu: utafiti kuhusu sanaa, utafiti kupitia sanaa, na utafiti kwa ajili ya sanaa. Mgawanyo huo umekosolewa mara nyingi, na bado unamfaa mwombaji asiyejua amesimama wapi. Anayefuatilia historia ya uchoraji wa Tingatinga, tangu Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alipokuwa akichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi hadi alipofariki mwaka 1972, na kwa waliomfuata, yuko katika fungu la kwanza. Huyo ataingia kwenye nyaraka, atahoji wachoraji, ataandika tasnifu ya kawaida, na hana haja ya kushika brashi. Anayechora ili ajue jambo lisiloweza kupatikana kwa kusoma wala kwa kuhoji yuko katika fungu la pili. La tatu ni mchoraji anayetafuta rangi, picha za rejea na vifaa kwa ajili ya mchoro wake. Hayo ni maandalizi, kila msanii huyafanya, na peke yake hayampi mtu shahada. Waombaji wengi wanaandika la tatu na kuliita la pili.

Tuchukue mfano wa kanga, au leso kama wasemavyo wenzetu wa Mombasa, kwa kuwa haikosekani nyumbani. "Nafasi ya kanga katika utamaduni wa Waswahili" ni mada, tena mada iliyokwisha kuandikwa sana. Haina swali ndani yake. Mbunifu wa nguo anaweza kuuliza hivi: ukubwa wa herufi za jina, yaani methali au maneno yaliyochapwa juu ya kanga, na umbali wake kutoka pindo la chini, vinabadilisha vipi usomekaji wa jina hilo kanga ikiwa imevaliwa? Kanga iliyotandazwa mezani husomeka bila shida. Ikifungwa kiunoni au kutupwa mabegani jina hukunjika, nusu yake hupotea mgongoni, na mvaaji haachi kutembea. Hakuna kitabu kitakachomjibu swali hilo. Itabidi achape nguo.

Sasa kazi inageuka kuwa utafiti. Atachapa doti zenye mji mmoja, yaani mchoro wa katikati, na pindo moja, jina lilelile, herufi za urefu wa sentimita 2, nyingine 3, nyingine 4. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akibadilisha herufi, rangi na mji kwa pamoja hatajua kipi kimeleta tofauti, na mtahini atamwuliza hilo katika dakika kumi za kwanza. Nguo hizo zivaliwe na watu wa maumbo tofauti, wakisimama na wakitembea, na wasomaji wasimame umbali wa mita 3, kisha mita 6. Yaandikwe maneno waliyoyasoma, waliyoyakosa, na waliyoyabahatisha kwa sababu wanaijua methali. Hayo ya mwisho ni tatizo halisi: jina linalojulikana na kila mtu halipimi usomekaji, linapima kumbukumbu. Kwa hiyo majaribio yahitaji pia majina mapya yasiyowahi kuuzwa dukani.

Daftari la kazi ndilo linalomtenga mtafiti na fundi stadi. Liandikwe siku ileile ya kazi, na liwe na vipimo: aina ya kitambaa na uzito wake kwa gramu kwa mita ya mraba, kama kilifuliwa kabla ya kuchapwa, idadi ya nyuzi za skrini (wavu wa kuchapia) kwa sentimita, aina ya wino, mara ngapi raba ilivutwa juu ya skrini, joto na dakika za kukausha. Hivi si vitu vya kupamba kiambatisho. Bafta mpya hutoka kiwandani ikiwa na wanga. Isipofuliwa kwa maji ya moto na sabuni, wino hukaa juu ya wanga na kuondoka nao kwenye fuo la kwanza. Pamba nayo husinyaa: kitambaa kikipungua asilimia 5, herufi ya sentimita 4 inakuwa 3.8, na vipimo vilivyochukuliwa kabla ya kufua havihusu tena nguo iliyovaliwa. Wino wa pigmenti huhitaji joto ili ushike, kwa kawaida karibu nyuzi 150 za Selsiasi kwa dakika chache, kwa maelekezo ya mtengenezaji. Anayetegemea pasi ya nyumbani hukausha katikati vizuri na kupitiwa na kingo, na kwenye kanga kingo ndiko lilipo pindo, na jina halipo mbali nalo. Akiona jina limefifia baada ya fuo tatu, atadhani ni kosa la herufi kumbe ni kosa la joto. Bila daftari hawezi kutofautisha.

Sampuli iliyoharibika isitupwe. Iandikwe tarehe na sababu, ihifadhiwe pamoja na iliyofaulu. Picha za sampuli zipigwe chini ya mwanga uleule, rula na kadi ya rangi zikiwa ndani ya picha, na zihifadhiwe kama faili za TIFF za nukta 300 kwa inchi. Picha ya simu iliyopita WhatsApp imebanwa, haifai kuwa ushahidi wa rangi. Wanafunzi hulalamika kwamba huu ni ukarani. Ni ukarani kweli. Lakini sura ya mbinu na sehemu kubwa ya sura ya matokeo hutoka humo, na asiye na daftari huishia kuiandika tasnifu katika miezi sita ya mwisho kwa kukumbuka. Mtahini hutambua hilo upesi: kila uamuzi unaonekana ulikuwa sahihi tangu mwanzo na hakuna jaribio hata moja lililoshindwa.

Upande wa midia mambo ni hayohayo, ila haki za watu wengine huingia mapema zaidi. Chukua wale wanaotafsiri filamu za kigeni kwa sauti yao juu ya picha, ambao Waganda huwaita VJ na ambao vibanda umiza vyetu vimewazoea. Kuwahoji na kuandika juu yao ni fungu la kwanza. Kuchukua kipande kimoja cha dakika 10, kukisimulia kwa namna tatu tofauti, na kuchunguza watazamaji wanacheka wapi na wanapotea wapi katika kila namna, ni la pili. Lakini filamu ile ina mwenyewe. Nakala yenye sauti ya mtafiti haiwezi kuwekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo bila idhini ya mwenye haki, kwa hiyo aamue mwanzoni kitakachowasilishwa: pengine sauti peke yake, katika WAV ya biti 24 na kilohezi 48, pamoja na jedwali la dakika na sekunde linaloonyesha sauti inaangukia wapi kwenye picha. Kwa michoro na picha za wasanii waliofariki, kumbuka kwamba hakimiliki kwa kawaida hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingine huenda hadi 70. Jumba la makumbusho linaweza pia kutoza ada ya picha hata kama muda huo umepita.

Ridhaa ni mahali ambapo kazi nzuri nyingi zimeharibika. Fomu inasema "kwa matumizi ya utafiti", mshiriki anatia saini, kisha sura yake inaonekana kwenye bango la maonyesho. Fomu iwe na visanduku mbalimbali: kurekodiwa, kunukuliwa kwa jina, kuonyeshwa ukumbini, kuwekwa mtandaoni. Mtu anaweza kukubali viwili vya kwanza na kukataa viwili vya mwisho, na iwepo tarehe ambayo hadi hapo anaweza kujitoa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Sura na sauti ya mtu anayetambulika zimo humo.

Kuhusu vibali, tuseme kwa ufupi. Kamati ya maadili ya chuo hutangulia. Mwanafunzi Mtanzania wa chuo cha nchini hupewa barua na chuo chake kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya. Mtafiti wa kigeni hupita COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Mtanzania anayesoma ng'ambo aiulize tume hiyo kabla ya kukata tiketi. Kenya ni NACOSTI, tume yao ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na leseni yake ni ya mwaka mmoja, kwa hiyo anayerudi uwandani mwaka wa pili ahuishe kabla haijaisha. Zanzibar ina utaratibu wake. Usivuke na karatasi za Bara ukidhani zinatosha. Na kibali cha utafiti si kibali cha kupiga filamu: Tanzania hicho kinatoka Bodi ya Filamu, na askari atakayekusimamisha na kamera yako atauliza hicho.

Turudi kwenye maombi. Andiko la utafiti kwa vyuo vingi ni maneno 1,500 hadi 2,000, na swali lionekane katika ukurasa wa kwanza. Mapitio yasiwe ya vitabu tu. Anayefanya utafiti kupitia sanaa anatakiwa apitie pia kazi za wengine, yaani nguo, filamu, michoro, vipindi, aseme nani alishajaribu jambo hilo, akafika wapi, akaacha nini. Andiko lenye wanafalsafa sita wa Ulaya na lisilotaja kazi hata moja ya msanii aliye hai linatia shaka kama mwombaji anaijua fani yake. Mkusanyiko wa kazi unaoambatana nalo uwe na kazi 10 hadi 15 zinazohusiana na swali, kila moja na mwaka, malighafi, vipimo na sentensi mbili za maelezo. Usipeleke zilizopendwa zaidi na wateja kama hazihusiani. Video isizidi dakika tano. Wasomaji wana maombi mengine mezani, na dakika ya kwanza ndiyo watakayoiona yote.

Msimamizi achaguliwe kabla ya chuo. Mwandikie barua ya ukurasa mmoja yenye swali lako, si wasifu wako. Uliza jambo moja ambalo wengi huona haya kuliuliza: je, umewahi kumfikisha mwanafunzi mwisho kwa njia ya kazi na maandishi? Kwa kawaida wasimamizi ni wawili, na mpango ulio salama ni mmoja ajue kutengeneza na mwingine ajue kuandika. Wakiwa wote ni wa nadharia, kazi zako zitageuka picha za kupamba sura ya nne. Wakiwa wote ni wa karakana, utafika mwaka wa tatu na kabati la kazi bila hoja.

Uingereza, ambako vijana wetu wengi huomba, tasnifu ya uzamivu kwa vyuo vingi haizidi maneno 80,000, na inapoambatana na kazi za sanaa hushuka hadi kati ya 30,000 na 40,000. Hili haliifanyi njia hiyo kuwa nyepesi. Maneno yaliyopunguzwa yamebadilishwa na kazi, na kazi nazo zinatahiniwa. Muda ni miaka mitatu hadi minne kwa anayesoma muda wote. Kati ya mwezi wa 12 na wa 18 wa masomo kuna tathmini ya kuthibitishwa katika uzamivu, na asiyepita anaweza kuelekezwa kwenye shahada ya MPhil, iliyo chini ya uzamivu. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola uko wazi kwa Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda. Ufadhili wa mabaraza ya utafiti ya Uingereza ulifunguliwa kwa wageni tangu mwaka 2021, nafasi zao zikiwa na kikomo cha asilimia 30, lakini baraza hulipa ada kwa kiwango cha mwenyeji. Tofauti ya ada ya mgeni ni kubwa, na chuo ndicho kiulizwe kwa maandishi kama kitaibeba.

Ada, hata ikilipwa, haina vitambaa, wino, skrini, kukodi kamera, kusafirisha kazi, bima wala ukumbi. Weka pia kifungu ambacho karibu kila bajeti hukisahau: kuzisimamisha kazi mara ya pili kwa ajili ya watahini.

Kifungu hicho kinatufikisha kwenye mtihani, na kwa vyuo vyetu. Mara kwa mara maonyesho hufanyika, yanabomolewa, na miezi kadhaa baadaye ndipo watahini wanateuliwa. Wanapewa tasnifu na picha. Wanaandika ripoti juu ya kanga ambayo hawakuiona ikitembea, au juu ya sauti iliyotengenezwa kwa spika nane na wao wameisikia kwa vipokea sauti vya masikioni. Kosa hilo si la mwanafunzi. Kanuni ndizo hazikutaja.

Ukanda huu haukuanza jana. Shule ya sanaa ya Makerere ina mizizi katika masomo aliyoyaanzisha Margaret Trowell mwaka 1937, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Walimu wapo na maarifa yapo. Kinachokosekana mara nyingi ni maandishi ya kanuni. Mwongozo wa tasnifu unaomlazimisha kila mtu kwenye sura tano, utangulizi hadi hitimisho, humfanya mbunifu atenganishe mbinu na matokeo wakati kwake kila jaribio lilibadilisha mbinu ya jaribio lililofuata. Basi huandika uongo wa adabu: anapanga upya yaliyotokea ili yakae kwenye sura.

Tunaomba seneti za vyuo zitamke waziwazi kama kazi ya sanaa ni sehemu ya kinachotahiniwa au ni kielelezo tu, na ikiwa ni sehemu, maandishi yapungue kwa kiasi gani. Watahini wateuliwe kabla ya tarehe ya maonyesho kupangwa, na waione kazi ikiwa imesimama, ana kwa ana, kabla ya mtihani wa mdomo. Mtahini mmoja kati yao awe mtu anayetengeneza, hata kama hana uzamivu, ilimradi yupo mwingine mwenye shahada hiyo. Na maktaba ielekezwe mahali pa kuweka kilichowasilishwa. Leo inapokea kitabu kilichojalidiwa na faili ya PDF, na haina rafu ya nguo. Kitambaa kinahitaji kuviringishwa kwenye bomba la karatasi isiyo na asidi, kisikunjwe, kikae mbali na mwanga wa jua. Faili za sauti na video zinahitaji nakala mbili mahali pawili na mtu wa kuzifungua kila mwaka kuona kama bado zinafunguka. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kujalidi nakala sita za tasnifu ambazo kanuni zimekwisha kuzitaja, rangi ya jalada ikiwemo.

Wasimamizi wa tafiti za sanaa, usanifu na midia,
Dar es Salaam